Sukari Kwenye Pindo la Kikwembe

Kadutu, Bukavu, 2 Novemba 1957

Dada yangu Veronika,

Leo ni siku ya kuwaombea marehemu wote, nami nimetoka makaburini. Nimeng'oa majani yaliyoota juu yako, nimerudisha udongo ulioporomoshwa na mvua, nimeunyosha msalaba uliokuwa umeinama. Jirani zako wa pale walikuwa na watu wao, wanasali rozari kwa sauti. Mimi nilijaribu nikashindwa. Kila nilipoanza Salamu Maria hasira ilinipanda kifuani, nikaona si vizuri kukumwagia hasira mahali unapopumzika. Basi nimerudi nyumbani, nimefunga mlango, nakuandikia.

Unanijua. Mdomo wangu ni mzito. Ulikuwa unanicheka mbele ya wateja wako: "Gaspari anasemaka kama mutu aliyemeza mufupa." Kwenye karatasi mfupa huo unatoka kidogo. Barua hii sitaifunga. Akiisoma mtu mwingine, hasa mwenye ugonjwa kama wako, huenda ikamfaa.

Nataka kwanza nikukumbuke ukiwa mzima. Tulipotoka Nyantende mama alikuwa amekwisha kufa, nami nilikuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni kila mlima ulipokuwa mkali. Mumeo alikuwa mwashi, akijenga nyumba za wazungu kule chini karibu na ziwa. Naye alipokufa, watu wa kwetu walidhani utarudi kulima. Hukurudi. Ulitafuta nafasi katika soko la Kadutu, ukauza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ukanisomesha kwa mapadri mpaka nikajua kusoma, kuandika na Kifaransa cha kuombea kazi.

Nakuona uwani umepiga magoti, ndizi zilizoivishwa shimoni zimejaa mbele yako, unazikamua kwa majani mpaka maji yake yanatoka, yale matamu tunayoyaita mutobe. Kabla hujayatia unga wa mtama na kuyaacha yachachuke yawe pombe, ulinichotea kikombe kimoja cha bati, ukaniambia ninywe upesi nyuki wasinitangulie. Pombe yenyewe wewe hukuinywa. Wateja walikutania kwamba unajua ulichotia mle ndani, ndiyo maana unaogopa. Ulijibu kwamba mtu mmoja sokoni lazima abaki na akili za kuwaonyesha wengine njia ya nyumbani.

Kisha ikaja ile kiu. Ulikunywa mtungi wa maji peke yako na bado midomo ilikauka. Ukakonda mpaka blauzi niliyokushonea kwa Noeli ikakuning'inia. Mama Nabintu, aliyekuwa anauza maharagwe pembeni yako sokoni, ndiye aliyeona sisimizi wakijipanga kila mahali ulipojisaidia nyuma ya ua. Alikuambia bila kuzunguka kwamba mkojo wa kufuatwa na sisimizi si mkojo wa mtu mwenye afya, nenda hospitali.

Wakakulaza. Wakasema una sukari katika damu. Ulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kutazama.

"Sukari? Mi minakulaka sukari wapi? Waende kuitafuta kwa bibi ya mwalimu, yeye anatiaka vijiko vitatu mu chai."

Lakini sindano zilikurudisha. Hilo sitalikana hata leo na hasira yangu hii. Kiu ilipoa, macho yakang'aa, ukaanza tena kunisema kwa ajili ya kola yangu chafu. Walipokuruhusu kurudi nyumbani walikuambia uwe unakuja kila asubuhi kudungwa, kwa kuwa dawa ile haikupewa mtu kwenda nayo. Na infirmye Kristofa, muuguzi aliyekuwa na zamu ya sindano, akatusimamisha sisi wawili kama watoto wa darasa la kwanza. Usile sukari. Usile ndizi mbivu. Usile asali. Usiguse mutobe, usiguse pombe. Kitu chochote kitamu kwako ni sumu, maman, umesikia? Ukasema umesikia. Nami nikasema nimesikia.

Hayo ndiyo tuliyoambiwa. Hakuna aliyesema habari ya upande wa pili, kwamba dawa yenyewe inaweza kuishusha sukari mpaka mtu akaanguka.

Nimeyafikiria mara nyingi. Hospitalini ulikuwa kitandani, chakula kinakuja kwa saa yake. Nyumbani uliondoka gizagiza tumbo tupu, ukashuka mlima mzima mpaka hospitali, ukakaa kwenye foleni, ukadungwa, kisha ukapanda mlima ule ule kurudi sokoni, ukapanga mitungi yako, ukahudumia wateja wa kwanza. Chakula ulikikumbuka jua likiwa juu. Dawa ilikuwa ile ile, nao hawakuipunguza. Ila mwanamke aliyekuwa anadungwa sasa alikuwa mwingine, anatembea na ana njaa.

Siku ya kwanza ulipoanguka mimi nilikuwa kazini, kwenye baraza la duka ninakoshonea. Mama Nabintu ndiye aliyenisimulia. Jasho lilikutoka hali kulikuwa na baridi ya mvua. Ukaanza kumimina kasiksi pembeni ya kibuyu cha mteja, chini kabisa, huku unacheka. Ukamwita mteja kwa jina la marehemu mumeo. Ukamtukana. Mwashi mmoja akasema kwa sauti, "Leo maman ameonja kasiksi mpaka chini ya mutungi," na soko lote likacheka, kwa kuwa ndilo jambo walilokuwa wanalingoja miaka yote, muuza pombe asiyekunywa aanguke. Ukakaa chini, mikono inatetemeka, macho hayamwoni mtu.

Mama Nabintu hakujua la kufanya. Alichota kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, mutobe uliokuwa umewawekea watoto wa sokoni, akakunywesha kwa nguvu kama unavyomnywesha mtoto mwenye homa. Kabla watu hawajachoka kucheka ulikuwa umeinua kichwa.

"Munaniangalia nini? Kuna mufu hapa?"

Jioni uliponieleza, uliyasema kama kichekesho. Ila ulikuwa umeficha mikono yako chini ya kikwembe.

Kesho yake ulimweleza Kristofa. Ulimwambia ukweli wote, pamoja na ule mutobe, kwa sababu hukujua kusema nusu ya jambo. Hilo ndilo lililokuponza. Alikunusa mikono. Ilinukia ndizi, ndiyo. Mwanamke anayekamua ndizi kila siku anukie nini, sabuni ya maua?

"Dawa iko muzuri," akasema. "Ni weye unakunywaka pombe, kisha unakuja kushitaki sindano."

Akacheka, na foleni ikacheka pamoja naye. Ulirudi nyumbani hukula hata ugali.

Ikatokea tena. Ikatokea sokoni, ikatokea njiani, ikatokea hapa uani ukiwa unanikunjia mashati, ukanitupia shati usoni ukisema mimi ni mwizi. Kila mara kitu kitamu kilikuinua, na kila mara baadaye ulilia, kwa kuwa ulidhani umejitia sumu. Uliniuliza, "Gaspari, kama kinachoniinua ndicho kinachoniua, mi nifuate nini?" Mimi ni mshonaji. Nilikuwa najua mshono uliovutika na kitambaa kisicholingana, basi.

Na mapaja yako. Hukunionyesha, wewe ni dada yangu, lakini ulinieleza. Walikudunga mahali pale pale kila asubuhi, kwa sindano iliyochemshwa mara nyingi mpaka ncha yake imechoka. Sehemu nyingine ikavimba mafundo, nyingine ikabonyea. Ulisema, "Paja langu limekuwa gunia ya viazi, mutu akinunua hatapata nafasi ya kukaa." Nilicheka kwa sababu ulitaka nicheke.

Halafu ukaacha kwenda. Siku mbili tu. Ulisema afadhali kiu kuliko kuitwa mlevi. Siku ya pili usiku kucha ulikuwa unakunywa maji na kutapika, na asubuhi nilikubeba nusu ya mlima mgongoni, jinsi ulivyonibeba tulipotoka Nyantende. Kristofa alipotuona alisema tu, "Banarudiaka wote," akaendelea kuchemsha vyombo vyake.

Niliomba kumwona Dokta. Kristofa akaniambia Dokta hapendi maneno mengi, niseme yeye atayafikisha. Nikaomba tena. Akaniuliza kama nimekuja kudungwa au kutembea. Dokta mwenyewe tulimwona akipita ukumbini kila asubuhi, mrefu, anatazama mbele, nyuma yake watu watatu wamebeba karatasi, na mtu aliyenyanyuka kwenye benchi alirudishwa kukaa kwa mkono. Unakumbuka nilivyojifunza sentensi yangu ya Kifaransa? Niliirudia njia nzima nikishuka: ma sœur tremble après la piqûre. Dada yangu anatetemeka baada ya sindano. Maneno sita tu. Alipita mbele yangu majuma na majuma, na maneno yangu yakabaki mdomoni na mfupa wangu.

Aliyetusaidia hakuitwa na mtu. Ni wewe mwenyewe uliyemwangukia. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, wakawa wamekudunga wa kwanza kisha wakakuambia ungoje kupimwa uzito, ukangoja mpaka ukaanguka kutoka kwenye benchi mbele ya miguu ya Masera, yule mtawa mnene mwenye miwani. Kristofa akasema amelewa. Masera akainama, akakugusa shingo, akaona ilivyolowa. Hakubishana naye. Aliagiza maji yenye sukari nyingi, akakunywesha mwenyewe, akaweka kiti karibu nawe akakaa. Ulipofumbua macho ulimwamkia vizuri, ukamwomba radhi kwa kulala hospitalini bila ruhusa. Masera akaenda kumleta Dokta kwa mkono.

Basi yule mtu mrefu akatuketisha chumbani mwake. Nikasema sentensi yangu. Akanisikiliza, kisha akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza: unakula saa ngapi, unatembea kutoka wapi, unabeba nini. Nikajibu, Kifaransa changu kikaisha, akaendelea kwa Kiswahili chake cha kizungu.

"Sindano, kisha kula. Hapana tembea na njaa. Ukitetemeka, sukari upesi. Sukari hii si mbaya. Sukari hii ni dawa."

Akapunguza kipimo. Akaagiza wawe wanabadilisha mahali pa kudunga. Masera akakupa vipande vya sukari vimefungwa kwenye karatasi. Tukatoka. Nilidhani utafurahi, lakini ulisimama chini ya ngazi ukasema polepole, "Kumbe hakukuwa na shida. Ilikuwa neno moja tu." Nami nilitamani kurudi ndani kuvunja kitu.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na ninaiweka moyoni peke yake. Ulivifunga vile vipande katika pindo la kikwembe chako, fundo dogo kiunoni upande wa kushoto. Uliondoka nyumbani na kiazi kilichochemshwa, ukakila pale pale nje ya mlango wa sindano, ukimtazama Kristofa machoni huku unatafuna. Sokoni uliacha kuanguka. Yule mwashi alikuuliza kama umeacha pombe, ukamwambia ndiyo, umemwachia yeye yote.

Jumapili tuliipangia vizuri. Sheria ya Komunyo uliijua na uliipenda: kutoka usiku wa manane mtu asile kitu. Basi ulikwenda Misa ya kwanza alfajiri kabla ya sindano, ukapokea, ukashuka hospitali, ukadungwa, ukala kiazi chako. Kila kitu kikakaa mahali pake.

Lakini sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mwaka jana haikuwa na Misa ya alfajiri. Ilikuwa Misa moja kubwa jua likiwa limepanda, na maandamano, na akina mama wa chama chenu wote wakiwa na vitambaa vyeupe kichwani, vile nilivyovishona mimi. Na sindano siku ya sikukuu ilitolewa mapema tu, kisha mlango unafungwa. Ulikaa jioni ya kuamkia siku hiyo ukipanga na kupangua. Ukiacha sindano, kiu. Ukidungwa na kula, hakuna Komunyo. Ukidungwa bila kula, unajua.

Ulikwenda kumuuliza Padiri. Alikuwa Walungu, anaungamisha watu wa huko kabla ya sikukuu. Ukamuuliza katekista. Sikuwapo, lakini ulinieleza neno kwa neno. Ulimuuliza kama kipande cha sukari mdomoni kinavunja mfungo. Akakuuliza sukari ni chakula au si chakula. Ukasema ni chakula. Akasema umejijibu mwenyewe.

Nilikuambia ukae bila Komunyo siku hiyo moja, Mungu anaelewa. Ulinitazama kama nilivyokuwa mdogo nikitaka kutoka bila kunawa.

"Niende na kitambaa cheupe ku maandamano, wote banapokea, mi minabaki ku benchi? Watasema nini? Watasema mulevi amejijua." Kisha ukacheka, ukanipiga begani. "Minatangulia kula Bwana, kisha minakula sukari. Iko hapa ku kiuno, inaenda wapi?"

Asubuhi ulidungwa. Ukaja kanisani. Mimi nilikuwa na waimbaji, juu nyuma, nikauona mstari wa vitambaa vyeupe ukienda mbele, nikakutambua kwa mwendo. Ulipokea. Ulirudi mahali pako umeinamisha kichwa. Nilipoinua tena macho kutoka kwenye daftari la nyimbo hukuwapo, nikadhani umetoka kwenda kula, nikashukuru. Maandamano yakaanza, tukaimba kuzunguka mlima.

Ulikuwa umetoka kweli. Ulikuwa unatafuta mahali pa pembeni ufungue fundo lako bila kutazamwa. Ukaanguka kando ya njia, kwenye majani, chini kidogo ya nyumba ya shule. Watu walipita. Ilikuwa sikukuu, na wengine walikuwa wameanza kunywa tangu asubuhi. Mama Nabintu naye alipita na wenzake. Alipokuona aliona aibu kwa ajili yako, dada, hiyo ndiyo kweli yake. Alikuwa hajui kwamba ulikuwa hujala, na mambo ya Dokta ulikuwa hukumweleza yote. Alidhani safari hii umekunywa kweli. Akakuvuta kivulini, akakuwekea majani ya mgomba chini ya kichwa, akakufunika uso kwa kitambaa chako cheupe ili watu wasikutambue. Wakasema wakuache ulale.

Walikuacha ulale mpaka maandamano yakaisha.

Nilikuta fundo la kikwembe limelegea nusu. Vidole vyako vilikuwa vimelifikia.

Hospitalini Kristofa alisema walikwisha kukuonya usinywe. Dokta alikuwa amekwenda Ulaya kwa likizo. Masera alinishika mikono miwili, akasema pole, akarudia pole, na Kiswahili chake kikaishia hapo. Nami nilibaki na maneno yote ambayo sikuyasema: kwamba hakunywa, hakuwahi kunywa, kwamba mlimwambia sumu ilipokuwa dawa, na mlipomwambia dawa mlikiambia chumba kimoja tu, hamkuiambia foleni, hamkuliambia kanisa, hamkuliambia soko. Mtu mmoja anawezaje kubeba peke yake neno la kumwokoa, na yeye ndiye anayepoteza akili linapohitajika?

Kisha mwaka huu, katika Kwaresima, Padiri alisimama akasoma tangazo. Kuanzia sasa mfungo wa Komunyo ni saa tatu tu, si tangu usiku wa manane. Maji hayavunji. Na akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba dawa kwa mgonjwa hazivunji mfungo, na kwamba hata siku za nyuma mgonjwa aliweza kupewa ruhusa na muungamishi wake.

Nilimngoja mlangoni mwa sakristia. Nikamweleza habari yako. Alivua miwani, akaniambia kwa huzuni ya kweli, nadhani, kwamba ungemuuliza angekuruhusu.

"Alikuja kuuliza, Padiri," nikasema. "Ulikuwa Walungu."

Nikamwambia ninataka jambo moja. Ninataka aseme kanisani, kwa sauti, kwamba hukuwa umelewa. Akasema mambo ya marehemu ni vizuri kuyaachia rehema ya Mungu, na mambo ya dawa ni ya hospitali. Nilikwenda hospitali. Nikamwomba Kristofa awaambie wagonjwa wa sukari wote wale mara baada ya sindano na watembee na kitu kitamu. Akasema, "Fundi cherehani, leo unashona nani?" Nikarudi kwa Padiri. Akanituma kwa katekista. Katekista akanituma kwa Padiri. Tangu Kwaresima nimekuwa ninapanda na kushuka mlima huu nikiwa nimebeba sentensi moja ambayo kila mtu anasema si mzigo wake.

Mama Nabintu peke yake ndiye aliyeuchukua. Nilipomweleza kilichokuua alikaa chini katikati ya maharagwe yake, na kwa siku nyingi hakuniangalia usoni. Sasa mtu akiyumba sokoni, awe nani, anamshika, anamkalisha na kumnywesha mutobe. Wengi ni walevi halisi, wanautema na kumuuliza kwa nini anawapa kinywaji cha watoto. Mmoja alimtukana mama yake mzazi. Anawaambia kunywa kwanza, utanitukana ukimaliza. Majuzi alikuwapo mzee mmoja kutoka kijiji cha Miti, ameanza sindano mwezi uliopita, watu wamekwisha kumzunguka wakicheka. Alikunywa, akatulia, akauliza njia ya kwenda kwa mwanawe. Nilikuwa nimesimama pale. Niliona ilivyochukua muda mfupi. Sikufurahi, dada, nisamehe. Nilitaka kuwapiga wote waliokuwapo.

Sasa nikuambie ya leo asubuhi. Katika Misa ya marehemu Padiri alikuwa anasoma majina. Alipofika kwako aliishusha karatasi, nikadhani amepotea mstari. Sijui nini kilimgeuza, labda alichoka kuniona mlangoni mwake, lakini akasema, "Veronika hakuwa amelewa. Alikuwa mgonjwa, na dawa ilimzidi kwa sababu alikaa na njaa ili apokee Komunyo. Mwenye kudungwa sindano ya sukari asikae na njaa. Akitetemeka ale sukari, hata humu ndani, hata dakika hii. Mkimwona ameanguka msimfunike."

Katekista alitazama sakafu. Mama Nabintu alipiga magoti upya. Kristofa alikuwa kwenye benchi la tatu na watoto wake. Aligeuka, akanitafuta kwa macho juu kwa waimbaji, na alipoyapata ya kwangu hakuyaondoa.

Nilidhani nikisikia maneno yale nitapumua. Badala yake nilisimama nikiwaza kwamba yalikuwa mafupi kuliko Baba Yetu. Padiri aliyamaliza kwa pumzi mbili, akaendelea na jina lililofuata. Hayo ndiyo tuliyoyaomba kwenye foleni, kwenye ukumbi, kwenye ngazi, mlangoni mwa sakristia. Kwa ajili ya maneno hayo nimebeba hasira mpaka kaburini kwako, ndiyo iliyonizuia kusali. Bado ninayo. Sijui kama inaondoka au mtu anazoea tu kushona nayo.

Lakini wamesikia. Wameondoka na jina lako likiwa safi, na wenye sindano wameondoka wakijua. Jumatatu nitapita hospitali kabla ya kazi, nikae kwenye benchi na yule mzee wa Miti, nione kama Kristofa atasema mwenyewe au nitasema mimi. Mdomo wangu bado mzito. Nitasema hivyo hivyo.

Wewe ulipo hakuna foleni, nadhani, wala mlango unaofungwa mapema. Kuna watu wengi wanaokuzunguka, mama yupo, mumeo yupo. Ukiwa katikati yao unanitania kama kawaida yako, litaje na jina langu kidogo kwa Mungu. Unikumbuke, dada.

Mdogo wako,
Gaspari